Kabureta Mbili za Ndugu Meneja

Wiki iliyopita tulimzika Severini, na wali wake nimeula. Nasema mapema asije mtu akadhani nilisafiri mpaka Kilosa kwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mbele ya nyumba yake pale Magomeni ya Kilosa, nikawasikiliza watu watano wakipokezana kipaza sauti kusoma wasifu wa mtu ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Eti mwadilifu. Eti mtetezi wa wanyonge. Eti ujanani, alipokuwa meneja wa shamba la mkonge, alithibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuendesha mitambo bila mzungu. Hapo cheko lilinitoka, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama kwa jicho baya. Nikajifanya nakohoa. Mitambo! Katika maisha yake yote Severini aliendesha mtambo mmoja tu wa kutajika, nao ulikuwa kigari cha kijani cha viti viwili, na alikiendesha siku moja. Kazi yenyewe ilifanywa na mtu mwingine, na jina la mtu huyo halikutajwa hata mara moja chini ya turubai lile.

Habari za ukoo wangu nawaachia wajukuu wanaopenda kuhojihoji. Nilizaliwa milimani, nikasomeshwa na wamisheni, nikatoka huko na Kiingereza cha kusoma, sauti nzuri ya kuimba na kichwa kilichovimba. Inatosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja, ule uliofuata Azimio la Arusha, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na nimeajiriwa fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba moja upande wa Rudewa. Mwenye shamba, mzungu mmoja mpenda mbio za magari, alikuwa ameondoka na mke wake na mbwa wake wawili baada ya shamba kutaifishwa. Aliacha nyumba, aliacha vyombo kabatini, na aliacha kile kigari cha kijani, kimefunikwa turubai ndani ya banda. Severini aliletwa kuwa meneja wa kwanza mzalendo. Siku ya pili tu baada ya kufika alilifunua turubai lile, akazunguka gari mara tatu, akatangaza kuwa sasa ni mali ya umma. Umma haukuwahi kukalia kiti chake hata kimoja.

Karakana nawezaje kuisahau? Ilikuwa na bati juu, sakafu ya saruji iliyokolea oili mpaka ikawa laini, na madirisha yaliyojaa vumbi la mkonge hata mchana kukawa na mwanga wa kijivu. Ukutani kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ionekane. Aliyechora ni Fundi Athumani, mkuu wa karakana, mtu wa bondeni, mwenye miaka kama hamsini, kofia ya kufuma kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Hakuwa amesoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini aliijua injini kwa kuiwekea sikio. Gasketi, yaani ule utando unaokaa katikati ya vyuma viwili ili visivujishe, alizitengeneza mwenyewe: anaweka karatasi ngumu juu ya chuma, anagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, na karatasi inakatika ikiwa na umbo lilelile la chuma, matundu na yote. Katika sanduku lake la zana kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, na somo la kwanza alilonipa lilihusu sabuni hiyo. Tanki la petroli likitoboka njiani, aliniambia, kanda sabuni kama unga, ziba, endelea na safari. Petroli haiiwezi sabuni. Nilidhani ananitania, mpaka nilipomwona akiziba tanki la trekta, nalo likakaa hivyo msimu mzima.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani kama nilivyomwahidi mama yangu, nilikuwa nakwenda kula kwa Fundi Athumani. Nyumba yake ilikuwa hukohuko Magomeni, vyumba viwili na ukumbi, mkeka mmoja mkubwa, na harufu ya kambale wa mto Mkondoa aliyekaushwa kwa moshi. Tulikula ugali kwa mlenda, mikono ikiingia sahani moja, na binti yake mdogo, Mwanaidi, akituletea maji ya kunawa, akiinama na kusema shikamoo kwa sauti ndogo mpaka unainamisha sikio. Mimi nilikuwa bado kijana, hakuna aliyekuwa ananiamkia popote, na ile shikamoo ya Mwanaidi niliipokea kwa fahari ya kijinga. "Marahaba, mwanangu!" nasema, utadhani nina mvi. Fundi Athumani alikuwa akicheka mpaka anavua miwani.

Sasa msikilizeni huyo mtetezi wa wanyonge alivyoingia karakana mara ya kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, suti ya Chou En-lai, ya mtindo wa Kichina, imepigwa pasi ikanyooka, kalamu nne mfukoni. Sijui ya nne ilikuwa ya nini. Sote tukasimama. Akamfuata Fundi Athumani aliyemzidi umri kwa karibu miaka ishirini, akampa mkono.

"Habari za kazi, Ndugu Athumani?"

Fundi Athumani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kufuta, kidole kimoja kimoja, akimpa kijana nafasi ya kujirekebisha. Kijana hakujirekebisha. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya watu wote.

"Nzuri," akasema Fundi Athumani mwishowe. "Wazazi wako hawajambo huko ulikotoka?"

Wenzangu wawili wakageukia ukutani kuficha meno. Severini naye akaelewa, kwani akasafisha koo na kutuhutubia pale pale. Shikamoo ni mambo ya kikabaila, akasema, mabaki ya watwana na mabwana. Taifa jipya halina mkubwa wala mdogo, sote ni ndugu. Tukapiga makofi. Jioni ileile tukapata habari kwamba nyumbani kwa Ndugu Meneja ndugu wote waingie kwa mlango wa jikoni, na wavue viatu.

Mwezi wa pili wa utawala wake likaja sanduku. Mzungu alikuwa ameliagiza kabla mambo hayajamgeukia, na sasa lilikuwa limekaa stesheni ya Kilosa wiki kadhaa likisubiri mtu aliyekwisha kupanda meli. Tulilifungua kwa mtaimbo mbele ya Severini. Ndani, katikati ya maranda ya mbao, kulikuwa na kabureta mbili zinazong'aa na manifoldi ya alumini. Kwa asiyejua, manifoldi ni lile bomba lenye matawi linalochukua hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuigawia injini. Kigari kilikuwa na manifoldi yake ya kiwandani, ya chuma kizito, yenye kabureta moja, na kilikimbia vizuri tu. Hii mpya ilitengenezwa na watu wengine kabisa, kwa ajili ya wenye haraka. Gasketi yake panya wa stesheni walikuwa wameitafuna, pamebaki vipande. Kulikuwa pia na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo mimi nikaitwa nyumbani kwa Meneja.

Niliingia kwa mlango wa jikoni, bila viatu. Nikamsomea karatasi mezani, yeye akila mayai ya kukaanga na mkate wenye siagi ya kopo, kwenye sahani za mzungu, kwa uma wa mzungu. Maneno niliyoyajua niliyatafsiri na nisiyoyajua niliyaruka kwa sauti ya kujiamini. Akafurahi. Akaniambia wizara inatafuta vijana wa kwenda kusomea uhandisi wa mitambo nchi za nje, na shamba letu limepewa nafasi moja. Wageni watatu wakubwa kutoka Dar watafikia hoteli ya Mikumi, kule mbugani, na yeye atawaendea kwa kigari hiki, kikiwa na kabureta mbili zilizofungwa na mikono ya wazalendo. Kikienda vizuri, nafasi ni yangu. Kisha akaniruhusu nikanywe chai jikoni. Nikiwa jikoni, kikombe mkononi, nikamsikia katibu wa tawi la chama akiingia ukumbini na kumuuliza Severini kama kweli gari lile litafika.

"Litafika," akasema Severini. "Kijana ana kimombo cha misheni, na mzee ana mikono."

"Na lisipofika?"

"Lisipofika, mzee ndiye mkuu wa karakana. Atabeba."

Wakacheka wote wawili. Nami nikamaliza chai yangu. Ningeweza kuandika hapa kwamba ilinikwama kooni, wasomaji wanapenda mambo hayo, lakini ilikuwa chai nzuri ya maziwa na niliimaliza, nikaomba nyingine. Nafasi moja! Usiku na mchana sikuwaza kitu kingine. Nilishaanza kujiona nimevaa koti zito, nashuka ndegeni.

Kazi ilituchukua wiki nzima, na kila hatua Fundi Athumani alinung'unika. Alisema kuvua chuma kizima na kuweka kitu cha mashindano kwenye gari la barabara ya vumbi ni akili za mtu asiyefua nguo zake mwenyewe. Matundu ya manifoldi hayakulingana sawasawa na ya injini, kwa hiyo tulikaa siku mbili tukiyasawazisha kwa tupa, tukipuliza unga wa alumini. Kabureta zilipokaa, boneti ikakataa kufunga. Severini akasema ikatwe, tukaikata, kigari kikabaki na shimo juu. Waya wa kuvuta mafuta ulikuwa mfupi. Fundi Athumani akachukua waya wa breki wa baiskeli yake, akaunga, ukavuta laini kuliko wa kiwandani. Severini alikuwa akipita kila jioni, mikono nyuma, akiuliza, "Tumefikia wapi?" Tumefikia, yeye na nani?

Gasketi Fundi Athumani aliikata kutoka kwenye jalada gumu la daftari kubwa la zamani. Ilikuwa kazi ya kutazama. Manifoldi ile ilikuwa na tundu kubwa kwa kila njia ya petroli na, kando yake, tundu dogo la maji ya rejeta, ya kuipasha joto. Kati ya tundu la petroli na la maji palibaki ukingo mwembamba, haufiki upana wa kidole. Aliugonga ukingo ule polepole sana, ulimi nje kama mwanafunzi. Kisha akaipaka gasketi rangi ya mafuta pande zote mbili na kuianika siku nzima, ili maji yasiilowanishe.

Safari ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi tukagundua tanki la petroli la kigari linatoa tone moja moja. Fundi Athumani akachukua sabuni yake, akakanda, akaziba, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha tukaweka gasketi na manifoldi, tukazifunga nati kwa vidole tu. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa kambini. Alivaa kanzu yake juu ya nguo za kazi, akanipa spana.

"Elia, anza za katikati ndio uende pembeni. Kidogo kidogo, ukizunguka. Hiyo ni karatasi, haitaki ubabe."

"Sawa, mwalimu."

"Ukichoka ngoja nirudi."

Hakuwa amefika hata barabarani Severini akaingia. Bado tu? Kesho saa nne wageni wanakunywa chai Mikumi, na sisi bado tunachezea spana? Akanitazama mimi. Akasema labda nafasi ile apewe mtu mwenye kasi. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema, "Dakika kumi, Ndugu Meneja." Nikashika nati ya pembeni, iliyokuwa karibu, nikaivuta kwa nguvu zote mbele ya macho yake, ili aone nilivyo hodari. Akaridhika, akaenda zake. Nilipohamia upande wa pili nikasikia mlio mdogo, wa karatasi. Nikalegeza, nikainua. Ukingo ule mwembamba, kati ya petroli na maji, ulikuwa umechanika.

Hapa ndipo huwa nasimama kila ninapokumbuka, na nimekumbuka mara nyingi. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa chini nimsubiri mwalimu wangu atoke msikitini, nimwambie nimechana. Angesonya, angenitukana kidogo, angekata nyingine. Rangi isingekauka mpaka kesho mchana. Chai ya Mikumi ingenyweka bila sisi, na nafasi ingekwenda kwa mwingine. Njia ya pili ilikuwa ndani ya sanduku la zana. Nilichukua sabuni, nikaikanda, nikaijaza kwenye ufa na kuipaka kote, nikafunga, safari hii nikianza za katikati, kidogo kidogo, kama nilivyoambiwa. Na msiniambie sikujua. Nilijua tundu lile ni la maji. Kila mtu aliyewahi kufua shati anajua sabuni na maji vinafanyaje. Nikajiambia ni siku moja tu.

Fundi Athumani alirudi, akavua kanzu, akapitisha kidole kwenye ungio lote. Akaniambia niwashe. Injini ikaitikia mara moja, kabureta mbili zikivuta hewa kwa mlio ambao hatukuwa tumewahi kuusikia Rudewa, na watu wakatoka kwenye mashine za kuchakata mkonge kuja kutazama. Tulikizungusha kigari uwanjani kwa dakika chache, injini haikupata hata joto. Aliweka mkono begani kwangu.

"Mkono wako umetulia," akasema. "Sasa hata nikifa, karakana ina mtu."

Jumamosi tuliondoka asubuhi, Severini mbele ndani ya kigari, peke yake, miwani ya jua usoni na skafu shingoni, katika joto lile! Mimi, Fundi Athumani, katibu na dereva tulifuata kwenye pikapu ya shamba na sanduku la zana, tukila vumbi lake. Kilosa mjini alipunguza mwendo ili aonekane. Mbele, kwenye kijiji kiitwacho Ulaya, ilikuwa siku ya soko, na watu waliacha baiskeli zao wakakimbilia barabarani, akawapungia mkono mmoja kama anabariki. Mara mbili tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Mara ya pili Fundi Athumani aliyatazama maji yale, akayagusa, akavisugua vidole vyake viwili. Akaniambia yanateleza. Nikasema ni vumbi.

Hotelini Mikumi wageni walikuwa barazani, vikombe mkononi, wanatazama mbuga. Severini akaegesha chini yao, akaacha injini ikiunguruma, akasimama kando ya gari na kuanza hotuba. Kujitegemea. Mikono yetu wenyewe. Bila mtaalamu hata mmoja wa kigeni. Ili wasikie vizuri akaingiza mguu ndani akakanyaga mafuta. Kwanza nyuma ukatoka moshi mweupe, mzito, wa maji yanayoungua. Kisha kwenye lile shimo la boneti likachomoza povu. Lilikuwa jeupe, safi, linapanda polepole, likamwagika kwenye boneti ya kijani mpaka kwenye taa, na Severini, aliyeligeuzia gari mgongo na kuwaelekea wageni, aliendelea kusema kuhusu kujitegemea. Mgeni mmoja mnene akauliza, "Ndugu Meneja, mnafua humo ndani?" Baraza zima likaangua kicheko. Injini ikapiga kelele moja ya chuma kwa chuma, ikakaa kimya, na haijawaka tena mpaka leo.

Ningekuwa na akili ningecheka na mimi hadi leo, maana sijaona tena jambo tamu kama lile. Lakini Severini aliamuru manifoldi ifunguliwe palepale, nyuma ya jiko la hoteli. Fundi Athumani alifungua. Akainua gasketi kwa ncha za vidole, nusu yake imekuwa uji, na utelezi wa sabuni ukabaki kwenye alumini. Akanusa.

"Hii ni nini?" akauliza Severini.

"Sabuni."

"Nani hapa anatembea na sabuni?"

Dereva wa pikapu akalitazama sanduku la zana. Katibu naye akalitazama. Fundi Athumani hakulitazama sanduku, aliitazama mikono yake, ndani na nje, kama ya mtu mwingine. "Jana asubuhi niliziba tanki," akasema taratibu. "Labda sikunawa vizuri." Kisha akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa na lawama yoyote, alikuwa fundi anayemuuliza fundi mwenzake. "Elia, ulipokuwa unakaza, hukuona sabuni kwenye gasketi?"

"Sikuangalia, mwalimu," nikasema.

Fundi yeyote anajua sabuni ya kubaki mikononi haiwezi kutoa povu la kujaza boneti. Yeye alijua kuliko sisi sote. Lakini ili akatae kwamba kosa ni la mikono yake ilimlazimu aamini kwamba mimi nimemdanganya machoni, na jambo hilo halikuwamo kichwani mwake. Jumatatu wakaitisha kikao cha wafanyakazi. Walimwita mhujumu, kibaraka wa mzungu, adui wa Azimio. Watu aliowatengenezea baiskeli zao bure walisimama mmoja mmoja kunyoosha vidole. Mimi nilikaa benchi la nyuma, sikusema lolote. Akaondolewa kazini siku hiyohiyo, akauza nyumba ya Magomeni, akahamia kijiji kile cha Ulaya kulima mahindi. Severini aliiandikia wizara taarifa kwamba kijana Elia ndiye aliyegundua chanzo cha hitilafu, na nafasi ikawa yangu. Baada ya miezi miwili nilivaa koti zito, nikashuka ndegeni.

Mengine mnaweza kuyakisia. Nilirudi na cheti, nikawa mhandisi, nikawa mtu wa kuitwa mzee kwenye ofisi. Severini alipanda akawa mheshimiwa na mwishowe akawa maiti yenye wasifu mrefu. Miaka yote hiyo nimemdharau, na dharau yangu imenistarehesha sana. Ndiyo maana nilikwenda kumzika.

Basi nikiwa nakula ule wali, mama mmoja wa makamo, aliyepita miaka sitini, mtandio wa maua, akaja na jagi la maji na beseni. Akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Hunikumbuki. Mwanaidi, wa Fundi Athumani."

Nikaweka kijiko chini. Alirudi Magomeni baada ya kuolewa, akasema, na marehemu walikuwa majirani tu, ndiyo maana anasaidia. Baba yake alifariki zamani, hukohuko Ulaya. Akaketi kwenye ukingo wa kiti kilichokuwa wazi.

"Spana hakuishika tena," akasema. "Watu walikuwa wanamletea baiskeli, anakataa. Na mikono! Alikuwa ananawa, baba, ananawa tena, ndio ashike jembe. Jembe! Mama anamwuliza, unanawa nini? Anasema, nina mikono ya uzembe mimi. Mpaka siku za mwisho kitandani alikuwa anaomba maji ya kunawa." Alinimiminia maji, yakaanguka kwenye beseni. "Lakini wewe alikuwa anakutaja kwa wema. Alisema kwenye kikao kile watu wote walimnyooshea kidole, isipokuwa Elia."

Sijui kwa nini siku hiyo ndiyo niliyoshindwa. Labda ni yale maji. Nikamwambia, "Mwanaidi, ile sabuni niliiweka mimi."

"Sabuni gani?"

"Ya gari. Gasketi niliichana mwenyewe kwa haraka zangu, nikaogopa kukosa safari. Nikaziba kwa sabuni yake, yeye akiwa msikitini."

Spika zilikuwa zinaendelea kumsifu Severini. Nilitegemea alie, au anipige kwa lile jagi, na ningeshukuru. Hakufanya hivyo. Aliinuka, akachukua sahani yangu iliyokuwa bado na nusu ya wali, akaiweka juu ya beseni, akaenda nayo nyuma ya nyumba.

Nililala kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi nikatoka na begi langu kwenda stendi. Nikamwona Mwanaidi anakuja kwa mbele, ndoo mkononi, kwenye uchochoro ambao watu wawili hawapishani bila kugusana. Nikasimama kumpisha. Na mazoea ni mazoea. Mtu wa umri wangu, katika mji ule, akimwona aliye mdogo anamkaribia, jibu la shikamoo huwa limeshafika ulimini.

Alisimama mbele yangu, akaninyooshea mkono.

"Habari za asubuhi, ndugu," akasema.

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikasema, "Nzuri," akanipita.